Kitanda Kimoja, Chandarua Kimoja

Unajua utakachouliza. Ukisikia mtoto mchanga amefariki kwa malaria, hata kabla hujaambiwa ilikuwaje, utauliza mama yake alikuwa wapi. Utauliza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu mwenye huruma zake, na ukipata jibu lolote lile utatikisa kichwa na kurudi kwenye mambo yako. Ndivyo unavyokwepa kuona. Humgeuzii marehemu kisogo, hapana. Unamnyooshea mama yake kidole, roho inatulia, unakwenda kula. Basi leo usiinuke. Utaambiwa mama alikuwa wapi.

Alikuwa kiwanja cha matofali, mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe, ameinama anageuza matofali mabichi yapate jua upande wa pili. Mumewe alikuwa shimoni, udongo umemfika magotini, anakanyaga. Kiwanja kile kina mashimo kama mdomo wa kizee ulivyo na mapengo. Udongo ukishachimbwa ukawa matofali, shimo linaachwa, mvua inalijaza, maji yanageuka kijani, na wachimbaji wanasogea kuchimba pembeni yake. Vyumba vya wafanyakazi viko katikati ya mashimo hayo, vimejengwa kwa matofali yaliyopinda ambayo hayakupata mnunuzi.

Nyapara wa kwanza aliahidi mashimo yatafukiwa mvua zikikatika. Zikakatika, naye akaondoka. Wa pili akasema yatafukiwa tanuri jipya likikamilika. Likakamilika. Huyu wa sasa, wanayemwita Miwani kwa sababu havui miwani yake ya jua hata akiwa ndani ya nyumba, alisema wenye haraka na wafukie wenyewe baada ya kazi, ila wasiguse jembe la kiwanja. Waliosema hayo wameshasahau. Walioambiwa hawajasahau hata neno.

Chini ya banda la kukaushia, kwenye kipande cha mkeka, walikuwa pacha wa yule mama. Wa kiume alitoka wa kwanza akiwa na makunyanzi kwenye paji la uso, wakamwita Mzee. Wa kike hakuna aliyemtarajia. Mkunga alishaanza kunawa mikono alipotokeza. Baba yao akamwita Nyongeza, na Miwani aliposikia jina hilo alicheka sana. "Umeshapewa nyongeza nyumbani kwako," alimwambia. "Kwangu usije kuomba nyingine."

Mwenye zamu ya kuwaangalia alikuwa bibi yao, mama mzaa baba, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kukata kuni. Mjukuu wa kiume alimwita mume wangu, wa kike akamwita mke mwenza, na kutwa nzima aligombana naye kama wanagombania kanga.

"Mama pacha," aliita siku ile. "Mke mwenza leo ana nini? Tangu asubuhi hajanitukana."

Mama aliacha matofali, akafuta mikono kwenye gauni, akamgusa mtoto shingoni. "Ana moto."

"Ni ile ile ya mwenzake," mumewe alisema kutoka shimoni, bila kusimamisha miguu. "Mzee alichemka hivyo hivyo. Kesho yake alikuwa anakula udongo."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliowaponza. Mwezi uliopita Mzee alipandwa na homa, mama akaomba ruhusa, akambeba hadi zahanati. Wakampima kidole, wakakuta malaria, lakini zamu yao ya kuonana na mganga ilipofika mtoto alikuwa amesimama kwenye benchi anavuta hereni ya mwanamke wa watu. Mganga aliwapa dawa ya maji huku anatabasamu. "Huyu ndiye mgonjwa?" aliuliza, na foleni nzima ikacheka. Alipewa dawa siku mbili, akawa mzima kabisa, chupa wakaifunga na kuiweka juu ya kabati na dawa iliyobaki. Miwani hakuisahau safari ile. Kila mtu alipoomba ruhusa ya kuuguza alimwambia, "Mgonjwa wa kuvuta hereni au mgonjwa wa kweli?"

Kwa hiyo mama alikwenda kabatini. Akaitikisa chupa, akamnywesha Nyongeza kilichokuwamo, akamlaza mkekani karibu na nduguye, akarudi kwenye matofali yake.

"Pacha ni pacha," bibi alisema. "Lililomtoka huyu litamtoka na huyu."

*

Halikumtoka. Kesho yake mtoto aliamka anachemka, na kesho kutwa yake hakutaka titi. Mzee alimtambalia juu, akamvuta nywele. Dada yake hakulia wala hakurudisha. Mama alikuwa anamwosha kwenye beseni aliposhtuka. Alikigeuza kiganja cha mtoto, akakiweka kando ya kiganja cha nduguye. Cha Mzee kilikuwa chekundu. Cha Nyongeza kilikuwa cheupe kama kitambaa kilichofuliwa mpaka kikapoteza rangi.

Alimfuata mumewe tanurini. Siku hiyo tanuri lilikuwa linapangwa, watu wamesimama mstari, matofali yanarushwa kutoka mkono hadi mkono.

"Huyu apelekwe."

"Apelekwe," mumewe alijibu, akadaka tofali, akalirusha mbele. "Sijakataa. Ngoja tufunge mlango wa tanuri. Ukiondoka sasa hivi, mimi na wewe wote hatuna kazi, halafu ufike kule akuchekee tena."

"Mtizame basi."

Alimtizama kwa sekunde ile iliyokuwapo kati ya tofali na tofali. "Mzee naye alilegea hivi."

"Mzee hakulegea hivi."

"Mama pacha," Miwani aliita kutoka kivulini, "huo mstari umekatika kwa sababu yako. Nani tena, yule wa hereni?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mkubwa. Alicheka hata mmoja ambaye yeye mwenyewe alizika mtoto mwaka juzi. Na mama, ambaye usiku kucha alihesabu pumzi za mwanawe, alijikuta anajiuliza kama kweli si woga wake tu. Nani angejua zaidi kuliko pacha mwenzake? Walilala tumboni pamoja. Walilala kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja, wakanyonya kifua kimoja. Hakuna daktari mwenye kipimo kama hicho. Mkononi alikuwa na mtoto mzima na mtoto mgonjwa waliozaliwa siku ileile, na yule mzima alikuwa anamwambia: subiri.

Alisubiri. Alimkabidhi Nyongeza kwa bibi, akaingia kwenye mstari.

Tanuri lilikuwa halijafungwa mlango bibi alipotoka chumbani mbio, kanga imemdondoka kichwani, mtoto mikononi amekakamaa kama kijiti, macho yamegeuka, mate yanamtoka. Degedege. Safari hii hakuna aliyeomba ruhusa.

*

Langoni mwa hospitali mlinzi alimpitisha mama na mtoto wake, akampitisha bibi na Mzee mgongoni, akaweka mkono kifuani pa baba.

"Wewe nenda kanawe kwanza. Humu si machimboni."

"Mtoto wangu huyo ameingia."

"Mtoto ameingia, sawa. Tope ndilo halijaingia."

Alikwenda bombani nyuma ya jiko, akanawa miguu, akanawa mikono, akanawa na shati akiwa amelivaa. Alipofika wodini alikuwa analowesha sakafu, na mfagiaji akamwomba asimame nje.

Ndani, nesi alishamkata mtoto degedege kwa sindano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ina haraka, na maneno yake pia. Alimfunua Nyongeza ukope, akaona ndani ni kweupe. Akamgeukia Mzee, aliyekuwa mapajani mwa bibi anagonga kitanda kwa kijiko.

"Hawa pacha?"

"Ndiyo."

"Kitanda kimoja?"

"Ndiyo, nesi."

"Sasa niambie mama, huyu umemnenepesha, huyu umemwacha mpaka damu imeisha. Kisa? Huyu wa kike?"

Wodi ilikuwa imejaa, kila kitanda kina mama zaidi ya mmoja, na wote walisikia. Kila mmoja alimtizama Mzee, kisha Nyongeza, kisha yeye. Alitaka kusema kwamba huyu wa kike ndiye aliyekuwa akimwomba kwa Mungu. Alitaka kusema juu ya mstari, na hereni, na chupa. Vikamjia vyote kwa pamoja, akasema kidogo tu. "Tulidhani itapita."

"Mlidhani," nesi alisema, akaandika.

Pembeni yake bibi alikuwa anamwangalia kwa jicho alilokuwa hajapata kumwangalia nalo. Jicho la kuhoji. Mama aliliona, na liliingia ndani zaidi kuliko maneno ya nesi.

Daktari alikuja. Kijana wa kike, koti lake limemzidi, uchovu umemkaa chini ya macho. Alisema malaria kali, damu imepungua mno, inatakiwa nyingine sasa. Alisema pia, kama mtu anayejisemea, "Na huyu mwingine apimwe." Bibi alitaka kukataa, mtoto mzima anachomwa kwa lipi, lakini kidole kilishachomwa.

Damu ya kundi la Nyongeza haikuwapo kwenye akiba ya hospitali. Ya mama haikulingana. Wakamwita baba kutoka nje, shati limekauka nusu, wakamkalisha. Alitoa mkono wake akiutizama ukuta. "Chukueni hata yote," alimwambia mtu wa maabara, na mtu wa maabara akamjibu kwamba inachukuliwa kiasi, halafu lazima ipimwe kwanza, avute subira. Subira tena.

Mama aliketi kitandani, mtoto mapajani. Nyongeza alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu zote, kama mtu aliyebeba mzigo anapanda kilima. Kisha akaanza kuzivuta moja moja, kwa kuachana. Mama alimwita jina lake la utani, akamwita na lile la kweli, ambalo nyumbani halikuwa na matumizi. Mzee, kutoka kwa bibi, alisikia sauti ya mama yake akanyoosha mikono abebwe yeye.

Mfuko wa damu ya baba ulipofika, nesi aliupokea mlangoni. Akautizama, akatizama kitandani, akaurudisha. Alichukua shuka safi, akalikunjua taratibu, akamfunika mtoto kama mtu anayemfunika aliyelala.

*

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido wakisubiri kuruhusiwa kuuchukua mwili, daktari alipowafuata na majibu ya Mzee.

"Huyu naye ana malaria," alisema. "Tena vimelea si haba."

"Huyu?" baba aliuliza. Mzee alikuwa anajaribu kuvua kiatu cha daktari.

"Huyu. Tutampa dawa leo, na mwimalize, hata akionekana mzima. Msiiache njiani." Akachuchumaa mbele ya mama, jambo ambalo madaktari hawalifanyi mara nyingi, wakawa uso kwa uso. "Nimepima na kitu kingine katika damu yake. Kuna kitu amerithi kwa mzazi mmoja. Mtu akikirithi pande zote mbili anapata ugonjwa wa selimundu, ule wa kuvimba na kuumwa viungo. Akikirithi upande mmoja tu, haumwi, anaishi kama wengine, na malaria ikimwingia haipati nafasi ya kumwelemea. Anaweza kuchemka, lakini mara nyingi hafiki alikofika mwenzake."

"Na mwenzake?"

"Hakukipata. Nilipima ile damu tuliyomtoa alipofika."

"Lakini walikuwa pacha."

"Pacha hawa si wa yai moja, mama. Ni ndugu kama ndugu wengine, wamesafiri pamoja tu. Miezi ya mwanzo wote wawili walilindwa na kinga waliyotoka nayo kwako. Ile huisha. Ikishaisha, kila mmoja anabaki na ya kwake."

Mama alimtizama Mzee. Kisha akauliza lile lililokuwa limemkaba tangu kitandani. "Nilimnyima nini?"

"Hukumnyima. Hicho hakigawi mama wala baba. Kinaangukia kinakoangukia." Daktari akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, "Alichokuwa anakihitaji yeye ni kuletwa siku ya kwanza. Mlimpima kwa kaka yake. Yule kaka yake hawezi kuwa kipimo cha mtu."

Baba aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Damu yake, waliambiwa baadaye, ndiyo ilikuwa na kile kitu. Alikuwa nacho siku zote bila kujua, na kati ya watoto wake wawili mmoja alikipata na mmoja hakukipata. Bibi alikuwa amesimama peke yake dirishani, amewapa mgongo. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anasikiliza.

*

Miwani alikuja kuhani. Alileta unga na sukari, akapewa kiti kilichokuwa kizima, akakaa na miwani yake usoni mbele ya chumba, wafanyakazi wamejipanga kwenye matofali. Alisema pole, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu waliitikia. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Ila nimesikia maneno," aliendelea. "Kuna wanaosema mashimo. Mimi si mtu wa kuficha. Tutumie akili tu, jamani. Pacha hawa, kitanda kimoja, chandarua kimoja, mbu walewale, shimo lilelile. Mmoja huyo hapo anacheza. Shimo lingekuwa na kosa lingewachukua wote. Sasa tatizo liko wapi? Mimi simtaji mtu." Akaelekeza miwani upande wa wanawake, mahali mama alipokaa, ili kila asiyetajiwa jina amjue.

Baba aliinuka nusu, akaketi tena. Kazi ilikuwa moja, chumba kilikuwa cha kiwanja, na mtoto aliyebaki alikuwa anakula kwa kazi hiyo. Hayo yote yalipita usoni pake, watu wakayaona, naye akajua wameyaona.

"Miwani," bibi alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo mbele yake. Mtu mmoja alikohoa.

"Mimi kabla ya huyu nilizaa wawili," alisema akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Wa kiume wote. Walikuwa wanavimba mikono na miguu, wanalia viungo, wanalia kama mtu anayevunjwa. Wakafa. Huyu akapona. Wakaja watu wakaniuliza, kwa nini huyu yuko na wale hawapo? Mmoja unampenda, wengine umewafanya nini? Waliniita majina ambayo siwezi kuyasema msibani. Nilihama, nikanyamaza, sikumwambia hata mwanangu kwamba alikuwa na kaka zake." Akapumua. "Juzi hospitalini nami nikamwangalia mkwe wangu kwa jicho lilelile. Mimi, niliyelijua lilivyo. Halafu yule daktari akasema kilichowaua wanangu kwa uwili wake ndicho kilichomponya mjukuu wangu kwa umoja wake. Kumbe kimetoka kwangu. Mke mwenza wangu hakukipata, basi. Hakukipata. Hiyo ni damu, haina wa kulaumiwa. Lakini mbu hawatoki kwenye damu. Mbu wanatoka pale." Akanyoosha mkono kwenye maji ya kijani. "Huyu hakufa kwa sababu mama yake alimchagua. Mzee yuko hai kwa sababu amezaliwa na ngao. Hawa wengine wanaotambaa humu, nani amewapima? Nani anajua mwenye ngao ni yupi?"

Wanawake waliwavuta watoto wao karibu, kila mmoja anamwangalia wake kama anataka kumwona mpaka ndani ya ngozi.

"Mama, una uchungu," Miwani alisema. "Tuyaache hayo leo."

Mama aliinuka. Watu walidhani anakwenda ndani. Alipita nyuma ya kiti cha nyapara, akafika bandani, akachukua jembe la kiwanja, lile lisiloguswa. Akaenda nalo hadi shimo lililo mbele ya mlango wake, akavuta rundo la vigae vya matofali yaliyovunjika, akayasukumia majini. Maji yakaruka, yakamlowesha gauni la msiba. Akarudi kuvuta mengine.

"Weka chini hilo jembe," Miwani alisema, amesimama. "Baba pacha, mwambie mkeo."

Baba pacha alimwangalia mkewe akiinama na kuinuka. Alikwenda akapiga magoti pembeni ya shimo, akaanza kusukuma udongo kwa viganja. Bibi akamweka Mzee mgongoni, akamfunga vizuri, akaokota tofali bovu, akalitupa. Wengine wote walikaa palepale walipokuwa wamekaa. Walitizama. Wengine walilia, na waliolia walitizama pia.

Jioni ile walifukia hatua chache tu za shimo moja. Kesho yake waliambiwa wahame chumba. Mashimo mengine yote yapo, na ukisimama kando yake jua likizama utawasikia mbu wakiinuka.

Sasa umeshajua mama alikuwa wapi. Usimpe pole, za kwake zimemtosha. Inuka ulipo. Tafuta dimbwi lililo karibu na mtoto aliye karibu nawe, lifukie leo, na aliyelichimba mfuate mlangoni pake umwambie amalizie, nenda na jirani zako msirudi bila yeye. Na mtoto yeyote akichemka, hata kama wenzake kumi walichemka wakapona, mbebe sasa hivi akapimwe. Usimpime kwa nduguye.